Gorogoro Moja ya Riziki

Mpenzi msomaji, je, umewahi kuisali sala ya Baba Yetu huku unahesabu unga uliobaki? Sisemi njaa ya mtu aliyecheleweshwa na msongamano wa magari akakikuta chakula chake kimepoa. Nasema njaa ile ya mzazi anayewatazama watoto wakila na kufurahi, ilhali yeye anapiga hesabu kimoyomoyo ya siku zilizosalia kabla debe halijawa tupu. Mimi niliisali hivyo mwaka wa 2020, nyumbani kwetu Kaptagat, na tangu wakati huo kila nifikapo kwenye neno "riziki" ulimi wangu husita kidogo.

Leo nimeona nikusimulie sababu ya kusita huko. Nakuonya mapema kwamba si kisa cha kujisifu. Ndani yake mimi ndiye mkosaji.

Kaptagat, kwa usiyepajua, ni mwendo mfupi wa matatu kutoka mjini Eldoret, kwenye nyanda za juu zilizo zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Alfajiri ukungu hutanda juu ya msitu wa misonobari na misaipresi, na kabla haujapaa utasikia vishindo vya miguu kwenye barabara ya udongo mwekundu. Hao ni wanariadha. Huku ndiko Eliud Kipchoge alikojifua kwa miaka mingi chini ya kocha Patrick Sang, hadi akaenda Vienna, Oktoba 12, 2019, akakimbia masafa ya marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Huyo anajulikana dunia nzima. Lakini nyuma ya kila bingwa mmoja wako vijana wengi usiowajua, waliokodi chumba kimoja cha mabati na kununua viatu vya mtumba, wakingojea siku watakayoalikwa kwenye mbio za ng'ambo. Mkulima hula jasho la shamba lake. Mwanariadha chipukizi hula kwa deni la mbio ambazo bado hajazikimbia.

Mwisho wa Machi 2020 mwajiri wangu alituambia tukae nyumbani kwa muda. Baadaye ujumbe ukaja kwa simu kwamba huo muda hauna mwisho. Nilikuwa nimekwisha kuwachukua watoto wangu wawili na kukimbilia kwa mama kabla Nairobi haijafungwa Aprili 6. Shule zilikuwa zimefungwa. Makanisa nayo yalikuwa yamefungwa. Usiku kulikuwa na kafyu. Na huku kwetu kambi za mazoezi zilifungwa, na mbio za ng'ambo zikafutwa moja baada ya nyingine. London Marathon, iliyokuwa ifanyike Aprili, ilisogezwa hadi Oktoba na ikawa ya mabingwa wachache tu.

Hebu tazama hali hiyo vizuri, msomaji. Katika mwaka mmoja, mkate wa mwili ulipungua na mkate wa Bwana ukafungiwa kanisani. Wazee kama mama yangu, ambaye sikumbuki akikosa ibada ila kwa ugonjwa, walikaa majumbani Jumapili baada ya Jumapili wakisikiliza redio. Mama alisema kitu ambacho sikukielewa wakati huo. Alisema, "Sasa tutajua kama tulikuwa tukishiba kweli au tulikuwa tukinusa tu."

Ghalani kwa mama kulikuwa na magunia mawili ya mahindi ya mavuno yaliyopita. Viazi vilikuwapo na ng'ombe wawili walikuwa wakikamuliwa, kwa hiyo siwezi kusema tulikuwa tukifa njaa. Lakini kwetu mtu asiyekula ugali husema hajala. Basi nikachukua daftari yangu ya kazi, ile niliyozoea kuandikia mahojiano, nikapiga hesabu. Gunia la kilo 90 hutoa kama gorogoro 45. Magunia mawili, gorogoro 90. Midomo ni minne. Kutoka Aprili hadi mavuno ya Novemba ni zaidi ya siku 200. Hata mtoto wa darasa la nne angekuambia kwamba hesabu hiyo haikubali.

Na juu ya hesabu hiyo kulikuwa na jambo moja lililonichoma. Ng'ambo ya ua wetu, katika vyumba vya kukodi, aliishi msichana mwanariadha na mtoto wake mdogo. Alitoka kaunti nyingine, hakuwa na shamba wala ndugu huku. Kila Jumamosi asubuhi alikuja mlangoni, "Chamgei, Kogo," naye mama akachukua ile gorogoro yake, mkebe wa mafuta ya kupikia uliobonyea upande mmoja, mkebe ambao ulikuwapo tangu nikiwa shule ya msingi, akaujaza mahindi mpaka yakafanya kilima, akammiminia mfukoni. Hakuwa akisawazisha kwa mkono kama wafanyavyo wachuuzi sokoni. Alikuwa akiacha kilima.

Nilivumilia Jumamosi tatu. Ya nne nikasema, "Mama, sisi wenyewe hatuna. Kile kilima peke yake ni uji wa watoto wangu."

Mama hakunihubiria. Aliniambia tu, "Lakwenyun, hebu sali Baba Yetu." Nikasali haraka haraka kama mtoto aliyetumwa dukani. Nilipofika kwenye riziki akanyosha kidole. "Hapo. Ulisema yako au yetu?" Nikanyamaza. Lakini nakuungamia kwamba sikunyamaza kwa kukubali. Nilinyamaza kwa hasira, kwa maana hakuna linaloudhi kama kushindwa hoja na mtu ambaye huoni kama anaelewa hesabu.

Jumamosi iliyofuata mama alikuwa amepeleka maziwa. Msichana akabisha. Nikatoka, nikasimama katikati ya mlango ili asione ndani, nikamwambia, "Mahindi yamekwisha, dada. Mungu atatoa."

Akasema, "Amina." Akaukunja mfuko wake mara mbili, akaushika mkononi, akarudi kwake. Mtoto wake alikuwa amesimama kwenye ua akimngoja.

Mama aliporudi nilimwambia msichana hakuja. Usiku ule nikahamisha nusu gunia, nikalitia katika mfuko mkubwa wa plastiki, nikaufunga kwa kamba na kuusukuma chini ya kitanda changu. Nilijiambia kwamba naweka akiba kwa ajili ya watoto. Kila mchoyo ana watoto wa kuwasingizia.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kwa kuwa kanisa lilikuwa limefungwa, mama alituketisha jikoni karibu na moto akamwomba mjukuu wake mkubwa asome Kutoka, sura ya 16. Bila shaka unaifahamu habari hiyo. Wana wa Israeli wako jangwani, wananung'unika, wanakumbuka masufuria ya nyama ya Misri kana kwamba hawakuwa watumwa kule. Asubuhi umande ukiondoka, wanakuta vitu vidogo vyeupe juu ya nchi, wanaulizana ni nini. Ndiyo asili ya jina manna. Chakula cha Mungu kiliitwa kwa swali.

Mama akacheka hapo. Akatuambia kwamba mwaka wa 1984, kulipokuwa na ukame mkubwa nchini, yalikuja mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, na watu waliozoea ugali mweupe wakatazamana. "Tuliuliza vivyo hivyo," alisema. "Hiki ni nini? Wengine wakasema ni chakula cha mifugo. Lakini tulikula, nanyi mkazaliwa."

Kisha mtoto akaendelea kusoma, na nikasikia jambo ambalo nilikuwa nimelisikia tangu shule ya Jumapili bila kulisikia. Manna ilipimwa. Biblia ya Kiswahili inatumia neno "pishi", pishi moja kwa kila kichwa. Wataalamu wanakisia kwamba kipimo hicho cha Kiebrania kilikuwa kama lita mbili hivi. Maana yake, mpenzi msomaji, ni kwamba kilikuwa karibu sawa na gorogoro. Aliyeokota kingi hakuzidishiwa, na aliyeokota kichache hakupungukiwa. Na aliyeweka hadi asubuhi, kinyume cha maagizo, aliikuta imeoza na kuingia mabuu. Siku ya sita peke yake waliruhusiwa kuokota maradufu, ili siku ya saba wapumzike, na ile ya siku ya sita haikuoza.

Kwa hiyo Mungu hakukataza kuweka akiba. Yusufu aliweka akiba ya miaka saba huko Misri na akasifiwa, lakini aliiweka ili watu wengi wale. Kilichooza jangwani ni akiba ya mtu asiyeamini kwamba kesho nayo itakuwa na asubuhi yake.

Nilisikia hayo yote, nikayaelewa, na sikwenda kuutoa mfuko chini ya kitanda. Nataka ujue hivyo, kwa sababu tumezoea mahubiri yanayomgeuza mtu papo hapo. Neno liliniingia masikioni likakaa hapo kama mgeni ambaye hajaonyeshwa kiti.

Ilikuwa wakati wa mvua za masika. Kaptagat huwa na unyevu hata kuta za nyumba hutoa jasho. Baada ya wiki mbili hivi nikaanza kusikia harufu nikilala. Nilipoufungua ule mfuko mahindi yalikuwa na joto, yameshikana mabonge, na yameota kuvu ya kijani na kijivu. Sitaki kukuambia kwamba Mungu alishuka kuniozeshea mahindi. Mkulima yeyote atakuambia kwamba mahindi yasiyokauka vizuri yakifungiwa ndani ya plastiki wakati wa mvua hayana njia nyingine. Na mahindi ya kuvu hayaliki. Mwaka wa 2004 watu zaidi ya 100 walikufa katika sehemu za Ukambani kwa sumu ya aflatoksini iliyotokana na mahindi ya namna hiyo. Nilichimba shimo nyuma ya choo asubuhi na mapema, nikayazika kama mtu anayezika ushahidi. Gorogoro ishirini na kitu za mahindi. Chakula cha msichana yule cha miezi mitano.

Jumamosi ya wiki hiyo alikuja. Mimi ndiye niliyesikia "Chamgei, Kogo" na moyo ukanidunda, kwa kuwa mama alikuwa nyumbani na uongo wangu ungefichuka. Lakini msichana hakuwa na ule mfuko wake mtupu. Alikuwa amebeba kifurushi.

Siku hizo chakula cha msaada kilikuwa kikigawiwa kwa wanariadha ambao mbio zao zilikuwa zimefutwa. Kipchoge mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliozunguka wakiwapelekea wenzao unga na mchele. Jina la jirani yetu lilikuwa limeandikwa katika mojawapo ya migao hiyo. Akaingia jikoni, akaomba ile gorogoro iliyobonyea, akaijaza mchele. Akaacha kilima.

"Hii nini?" mama akauliza.

"Dada aliniambia mahindi yenu yamekwisha," akasema. "Nikasema nikipata nitawaletea. Watoto wasilale njaa."

Mama alinigeukia. Hakusema neno. Kama angenitukana ningeshukuru.

Msomaji, niliungama pale pale, mbele ya mama, mbele ya watoto wangu, mbele ya mgeni. Nilisema mahindi hayakuwa yamekwisha. Nikasema nilikoyaficha na nilikoyazika. Msichana alinyamaza kwa muda mrefu, akitazama mchele ule. Nilidhani atauchukua aondoke nao, na sijui ni nani angemlaumu. Mwishowe akasema, "Basi upikwe, dada. Mtoto wangu hajala." Tukaupika. Siku hiyo tulikula pamoja wali, viazi na mursik kutoka kwenye kibuyu cha mama. Mama ni mtu wa kanisa na hataki nilinganishe jikoni kwake na meza ya Bwana, kwa hiyo silinganishi. Nasema tu kwamba kanisa lilikuwa limefungwa, na siku ile nilishiba kitu ambacho hakikuwa wali.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma Maandiko kwa jicho la yule mwenye mfuko mtupu, na nimeona mambo ambayo napenda ushirikiane nami.

La kwanza ni hilo neno lenyewe. Ukisali na Wakatoliki utasikia wakiomba mkate. Ukisali na Waprotestanti utasikia wengi wakiomba riziki, kama ilivyo katika Biblia ya Union iliyotoka mwaka wa 1952. Riziki ni neno pana lenye asili ya Kiarabu. Linabeba chakula, kazi, mazao, wateja, hata mchumba. Mkate ni kitu unachoweza kukishika. Na neno la Kigiriki linaloelezea mkate huo, epiousios, ni adimu hata wasomi hawajakubaliana maana yake. Wengine husema ni mkate wa leo, wengine wa kesho, wengine wa kututosha kuishi. Jerome, aliyeitafsiri Injili kwa Kilatini mwishoni mwa karne ya nne, alilitafsiri neno hilo hilo kwa njia mbili. Katika Luka aliandika mkate wa kila siku, na katika Mathayo akaandika mkate unaopita vitu vyote vya kawaida. Kumbe hata yeye aliona kwamba ombi moja linabeba njaa mbili.

La pili ni mpangilio wa mambo. Katika Yohana, sura ya 6, mvulana ana mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Watu wanaume peke yao ni kama 5,000. Yesu kwanza anawaketisha wale washibe, tena anaamuru mabaki yakusanywe, vikapu 12, kisipotee kitu. Ni siku iliyofuata, kule Kapernaumu, ndipo anapowaambia kwamba yeye mwenyewe ndiye mkate wa uzima, na wengi wanaona maneno hayo ni magumu wanamwacha. Hakuanza na mahubiri juu ya matumbo matupu. Alipomfufua binti Yairo, alisema mtoto apewe chakula. Na baada ya kufufuka kwake, wanafunzi walimkuta ufuoni mwa bahari na moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Mshindi wa mauti alikuwa akiwapikia wavuvi kiamshakinywa.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu tumeona katika nchi hii yanayotokea watu wakiambiwa kwamba chakula cha roho ni adui wa chakula cha mwili. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwamo, ya watu wanaosemekana kuwa walifunga kula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mimi huchukua Kumbukumbu la Torati, sura ya 8, ambayo Yesu aliitumia kumjibu shetani nyikani, nikaisoma polepole. Pale panasemwa kwamba mtu haishi kwa mkate peke yake. Peke yake, msomaji. Mkate upo na kitu kingine kipo. Na maneno hayo yanakuja mahali panapoeleza jinsi Mungu alivyowalisha watu. Anayewafunga watoto midomo kwa jina la Aliyeamuru binti Yairo apewe chakula, anahubiri injili nyingine.

La tatu ni la safari. Eliya alikimbia jangwani akalala chini ya mretemu akaomba afe. Alikuwa amechoka roho na mwili. Malaika hakumkemea kwa kukosa imani. Alimwamsha ale mkate uliookwa juu ya makaa na anywe maji, akamwacha alale tena, akamwamsha mara ya pili ale, kwa sababu safari iliyokuwa mbele ilimzidi nguvu. Kwa nguvu za chakula hicho akatembea siku 40 hadi Horebu, na huko ndiko alikosikia sauti ndogo ya utulivu. Kila nikiwaona vijana wa Kaptagat wakirudi mazoezini wameloa jasho, wakielekea kwenye sufuria ya ugali, namkumbuka nabii huyo. Mkimbiaji anajua kwamba hakuna anayekula leo kilomita za mwezi mzima. Hula za leo. Kesho hula tena. Neno la Mungu nalo ni hivyo. Huwezi kulishindilia Jumapili moja likutoshe hadi Krismasi.

La nne ndilo lililonigharimu. Ukichunguza, mara nyingi riziki ya Mungu katika Maandiko hupitia mkono wa mwingine, na aghalabu mkono usioutarajia. Eliya aliletewa chakula na kunguru, ndege ambaye sheria ya Musa ilimhesabu kuwa najisi. Kisha akalishwa na mjane wa Sarepta, mgeni wa taifa jingine aliyebakiwa na konzi moja ya unga. Ruthu Mmoabi aliokota masazo katika shamba la Boazi, kwa kuwa sheria iliwaamuru wenye mashamba wasivune hadi pembeni. Huku Uasin Gishu, baada ya mavuno, bado utawaona akina mama wakiokota magunzi yaliyosahauliwa shambani, na mwenye shamba mstaarabu hujifanya haoni.

Kwa hiyo niliposimama mlangoni na kusema Mungu atatoa, Mungu alikuwa amekwisha kutoa. Alikuwa ametoa ghalani kwetu. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama katikati ya mlango. Yakobo aliwaonya watu wa namna yangu katika sura ya pili ya waraka wake, wale wanaomwombea heri mtu mwenye njaa kisha wanamwacha aende zake bila kumpa kitu. Maneno yangu yalikuwa ya imani. Mfuko wake ulirudi mtupu.

Utaniuliza, na una haki: je, wale wanaosali na hawapati? Sina jibu la kukuridhisha, na simwamini sana anayelo. Najua watu wacha Mungu waliolala njaa mwaka ule. Ninachoweza kusema ni kwamba tangu siku ya ule mchele sithubutu kumuuliza Mungu mbona hakutoa kabla sijatazama chini ya kitanda changu.

Wewe unayesoma haya mjini pengine huna ghala. Unanunua unga wa kupima, mafuta ya kupima, na maji kwa mtungi. Au wewe ni mwanafunzi unayegawa hela za wiki kwa chai na chapati. Usidhani mambo haya hayakuhusu. Wewe ndiwe unayeijua riziki ya leo kuliko tajiri, kwa kuwa unaipata kwa kipimo cha leo. Katika ploti yenu yupo mtu ambaye jiko lake halijawashwa tangu juzi, na huenda ni yule anayekusalimu kwa sauti kuliko wote. Aguri, katika Mithali sura ya 30, aliomba asipewe umaskini wala utajiri, ila chakula kinachomtosha. Ni sala nzuri. Iongeze neno "yetu", kisha ufungue mlango.

Jirani yetu alirudi mazoezini kambi zilipofunguliwa. Hajawa bingwa, na si lazima awe. Mimi nilipata kazi nyingine baadaye, nikarejea Nairobi. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mama. Jumamosi asubuhi mtu alibisha, kijana mpya wa vyumba vile vya kukodi, mrefu, mwembamba, aibu imemjaa. Mama alikuwa akikamua. Aliita kutoka zizini, "Wewe, mpe!"

Nikaichukua ile gorogoro iliyobonyea, nikaijaza. Mkono wangu, kwa mazoea ya zamani, ukataka kusawazisha juu. Nikauzuia.

Nakutakia Jumapili njema, mpenzi msomaji, wewe na wote wa nyumbani kwako.